Toharani: wanachobishania Wakristo na wanachodhani wanabishania

"Toharani ni nafasi ya pili kwa aliyekufa na dhambi zake."

Hii utaisikia karibu kila penye matanga ya familia iliyochanganya madhehebu, na wakati mwingine anayeisema ni Mkatoliki mwenyewe. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1030, inafundisha kinyume: toharani ni utakaso baada ya kifo, na anayepita huko ni aliyekufa katika neema na urafiki wa Mungu, ila hajatakata kabisa. Wokovu wake umeshahakikishwa. Hakuna atokaye toharani kwenda motoni, na aliyemkataa Mungu hadi pumzi ya mwisho hapiti huko.

Kwa hiyo Mlutheri akifungua Waebrania 9:27, kwamba mtu hufa mara moja na baada ya hapo ni hukumu, bado hajamjibu Mkatoliki, maana hilo wote wawili wanalikubali. Swali gumu ni lingine: aliyesamehewa kwa damu ya Kristo amebakiwa na nini cha kutakaswa? Mlutheri atasema hana deni lolote, msalaba umelipa lote. Mkatoliki atasema kusamehewa ni jambo moja, na kuponywa madhara ambayo dhambi imeyaacha ndani ya mtu ni jambo jingine. Hapo kweli hawakubaliani, na mjadala wa maana ungeanzia hapo.

"Luther aliikana toharani siku ya kwanza."

La. Hoja 95 za Martin Luther, aliyeanzisha Matengenezo ya Kiprotestanti, za mwaka 1517 zilipiga biashara ya vyeti vya rehema, yaani vya kupunguziwa adhabu ya dhambi, iliyokuwa ikiendeshwa na watu kama Johann Tetzel. Toharani yenyewe alikuwa bado anaikubali. Hoja ya 82 inaleta swali ambalo waumini walikuwa wakiuliza: ikiwa Papa huzitoa roho toharani kwa sababu ya fedha za kujengea kanisa, mbona asiwatoe wote kwa upendo tu? Swali la mtu anayeamini kwamba roho zipo huko! Maandishi ya kuikataa waziwazi aliyatoa mwaka 1530. Mwaka uliofuata, mwenzake Melanchthon, akiutetea Ungamo wa Augsburg (tamko la imani la Walutheri), aliandika kwamba hawakatazi kuwaombea wafu. Walichokataa ni misa kutolewa kwa ajili yao. Wachungaji wengi wa leo wana msimamo mkali kuliko huo.

"Wakatoliki bado wananunua siku za kupunguziwa toharani."

Uuzaji ulikuwepo, na ulikuwa aibu. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, wenyewe uliwaondoa wakusanyaji wa fedha za rehema mwaka 1562. Rehema zenyewe hazikufutwa. Sasa, zile "siku 300" zilizochapwa chini ya sala kwenye vitabu vya zamani zimewapotosha wengi. Hazikuwa siku za toharani. Zilihesabiwa kwa kipimo cha kitubio walichopewa wakosaji wa Kanisa la kale hapa hapa duniani. Papa Paulo VI aliiondoa hesabu hiyo mwaka 1967, na kwa maoni yangu alichelewa.

"Ni shimo lenye moto, chini huko."

Tamko la Trento la 1563 ni fupi ajabu: toharani ipo, na roho zilizomo husaidiwa kwa sala, hasa kwa sadaka ya misa. Moto haukutajwa. Mwaka 1999 Papa Yohane Paulo II alifundisha kwamba si mahali bali ni hali. Papa Benedikto XVI, katika waraka wa *Spe salvi* wa 2007, alitaja maoni ya wanateolojia kwamba moto huo ni Kristo mwenyewe, tunapokutana naye uso kwa uso.

"Haimo katika Biblia; mapapa waliitunga."

Inategemea umeshika Biblia ipi. Sadaka ya Yuda Makabayo kwa ajili ya askari waliouawa imo katika 2 Wamakabayo 12, kitabu ambacho Waprotestanti hawakihesabu kuwa Maandiko. Kuwaombea wafu ni kwa zamani: Monika, mama yake Agostino, aliyefariki mwaka 387, aliomba akumbukwe altareni. Waorthodoksi nao huwaombea marehemu siku ya 3, ya 9 na ya 40, ila huko Firenze mwaka 1439 askofu wao Marko wa Efeso alikataa kutia sahihi muungano na Wakatoliki uliobeba fundisho la toharani.

Kwa Msabato ubishi wote huu hauna pa kuanzia. Yeye husoma Mhubiri 9:5, kwamba wafu hawajui neno lolote, na marehemu wake amelala hadi ufufuo.