Ukaidi wa Punda

Imani kwamba punda ni mkaidi na haendi ila kwa kigongo imedumu miaka mingi, lakini chanzo chake ni kumpima kwa kipimo cha farasi. Farasi akishtuka hutimua mbio, ilhali punda husimama kwanza, akaelekeza masikio na kulichunguza jambo. Ndiyo maana punda wa Lamu aliyebeba mifuko ya mchanga, akikuta mfereji ulio wazi katika kichochoro, hukaza miguu ya mbele hata bwana wake afanyeje. Bakora humwongezea hofu tu, na kadiri anavyoogopa ndivyo anavyoganda. Anayemwachia muda kidogo, kisha akatangulia mbele yake huku ameilegeza kamba, kwa kawaida humwona akifuata.

Elisabeth Svendsen, Mwingereza aliyeanzisha hifadhi ya punda huko Devon mwaka 1969, aliujua utaratibu huu kwa kuishi nao. Hifadhi hiyo ilifungua kituo Lamu mwaka 1987, ambako punda hutibiwa bila malipo. Svendsen alifariki mwaka 2011. Wanaosema asante ya punda ni mateke, nadhani, huwa wamesimama nyuma yake.