Oili Ikipanda, Ringi Hazina Kosa

Wiki hii wamekuja watatu gereji kwangu na pikipiki zao, na wote neno lao moja: "Fundi, oili imepanda na inanuka petroli. Nimeambiwa ringi zimekwisha." Wa tatu, kijana wa bodaboda wa Kisauni, alikuwa ameshafunguliwa injini kwengine. Bloku imechongwa, pistoni mpya, ringi mpya, akiba ya miezi imekwenda. Siku ya nne kijiti cha oili kikatoka kimelowa hadi juu ya alama, na oili yenyewe yateleza nyepesi kama chai ya rangi.

Jamani, ringi, zile pete za chuma zinazoizunguka pistoni, zikiisha hupunguza oili. Oili hupenya juu ya pistoni, huungua, ekzosi hutoa moshi wa buluu, na mwenyewe kila mara yuko dukani kununua ya kuongezea. Ikiongezeka bila kutiwa, kuna kitu kimeingia. Kwa pikipiki ya zamani ya kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, inayolala jioni ikiwa sawa na kuamka na oili imepanda, kitu hicho ni petroli, na imetoka juu. Ndani ya kikombe cha kabureta mna boya linaloinua sindano ili ifunge petroli. Sindano isipofunga, petroli hujaa kikombeni, hufurikia njia ya hewa, hupita kwenye valvu iliyosimama wazi na kuingia silinda. Kutoka hapo hujipenyeza pembeni mwa ringi hadi tumboni mwa injini. Hata ringi mpya zina mwanya. Kazi ya ringi ni kuzuia mlipuko wa mara moja, si petroli iliyotuama usiku kucha. Tone moja kila sekunde tano, kwa saa kumi, ni matone 7,200. Hata ukihesabu matone 40 kwa mililita, ni mililita 180, ndani ya injini inayoshika oili ya lita moja hivi.

Ni kweli ringi zilizochoka, pamoja na choki iliyokwama ikizidisha petroli, hupitisha petroli kidogo injini ikitembea. Lakini hazipandishi oili namna hiyo kwa usiku mmoja.

Basi niliinama kwenye pikipiki ya yule kijana, nikakuta mpira wa ovaflo umezibwa kwa skrubu. Nikamuuliza nani kaweka. "Mimi, fundi. Ilikuwa ikidondosha pale mlangoni, mama akalalamikia harufu." Ule mpira ndio unaotoa petroli nje sindano ikishindwa. Ukiuziba, petroli haina pa kwenda ila ndani. Nikafungua kikombe: chini kuna vumbi jekundu la kutu, na ncha ya mpira ya sindano ina alama ya duara iliyochimbika, unaisikia kwa ukucha. Hapa kwetu pwani hewa ya chumvi hula matangi ya zamani kwa ndani, na punje moja ya kutu yatosha kuizuia sindano isikae kwenye siti yake. Sindano ni kitu cha bei ndogo. Injini nzima ilifunguliwa bila mtu hata mmoja kufungua kabureta!

Kwa hiyo kabla hujamruhusu mtu kugusa bloku, pima. Simamisha pikipiki wima mahali palipo sawa, kwa sababu ikiegemea stendi ya pembeni kijiti kitakudanganya. Dondosha tone la oili hiyo kwenye karatasi, na kando yake tone la oili mpya. Yenye petroli hutambaa haraka na kuacha doa pana, jepesi. Kisha tafuta inakotoka. Chomoa mpira wa petroli kwenye kabureta, utie ndani ya chupa, funga koki ya petroli iliyo chini ya tangi, acha hadi asubuhi. Chupa ikiwa na petroli, koki imekufa. Ikiwa kavu, rudisha mpira, chomeka kipaipu kinachoonyesha ndani kwenye skrubu ya kumwagia ya kikombe, kiinue kando ya kabureta, fungua skrubu na koki. Petroli ipande, isimame chini kidogo ya maungio ya kikombe. Ikizidi kupanda, ni sindano, siti yake au boya. Boya litikise sikioni: ikisikika petroli ndani, limetoboka.

Najua mtakayoniambia. "Koki nimefunga, haiwezi kuwa petroli." Ndiyo maana ya ile chupa. Na zile koki za pikipiki kubwa za Kijapani zinazofunguliwa kwa mvuto wa injini, ngozi yake ya ndani ikichanika petroli hupita kwenye mpira wa mvuto moja kwa moja hadi silinda. Uchomoe, ukiwa umelowa, umepata jibu.

"Tia oili nzito." Petroli itaiyeyusha nayo.

"Petroli huelea, nitapunguza ya juu tu." Si maji hayo. Imeshachanganyika na oili yote, basi mwaga yote.

"Oili imekuwa nyeupe kama maziwa, ni petroli." Hapana, hayo ni maji. Petroli haiigeuzi nyeupe.

"Choma kidogo tuone kama yashika moto." Usithubutu, wala usilete kiberiti wala sigara karibu na injini iliyojaa mvuke wa petroli.

"Kiki imegoma, ipige kwa nguvu." Hili ndilo linaloniogopesha. Petroli ikijaa juu ya pistoni haibonyezeki, na ukilazimisha unaweza kupinda konrodi, ule mkono unaoshika pistoni. Zima swichi, toa plagi, piga kiki taratibu hadi petroli yote iruke nje, nawe ukae mbali na tundu la plagi.

Ukishatengeneza, mwaga oili na utie mpya. Baada ya siku chache za kazi, mwaga tena, maana iliyobaki pembeni za injini bado ina petroli na klachi imo humohumo. Na kila unapoegesha kulala, funga koki.