Uwiano wa mgandamizo si namba ya geji

Juzi, katika gereji moja ya Changamwe, nilimsikia kijana aliyetaka kufungiwa turbo, pampu inayosukuma hewa zaidi ndani ya silinda, kwenye injini ya lita mbili akiambiwa kwamba kompresheni yake ni 180, na kwamba sharti ishushwe hadi 9 kabla ya kazi kuanza. Hakuna aliyeshtuka. Namba hizo mbili hazipimi kitu kimoja, wala ya kwanza haiwezi kushushwa ikawa ya pili, na nimelisikia kosa hili mara nyingi mno kuweza kulinyamazia tena.

Uwiano wa mgandamizo, yaani ile 9, ni ujazo wote wa silinda pistoni ikiwa chini kabisa, ukigawanywa kwa ujazo unaobaki juu ya pistoni inapofika kileleni.

Neno lenyewe la Kiswahili lingetosha kutuongoza kama tungelisikiliza. Tunapomwambia mtu "niwie radhi", kitenzi ni kile kile cha kuwa, katika kauli ya kutendea: uwe radhi kwangu. Vitu viwili vikiwiana, kila kimoja huwa kwa kutazamana na mwenzake, na ndiyo maana uwiano ni namba tupu: ujazo umegawanywa kwa ujazo, sentimita za ujazo zimefutana, hazikubaki paundi wala milimita. Geji inayofungwa penye tundu la plagi, kwa upande wake, husoma presha kwa paundi za kila inchi mraba, na presha hiyo hutegemea nguvu ya betri inayozungusha stata, hali ya ringi (pete za pistoni zinazozuia hewa isivuje), na jinsi valvu zinavyokaa. Ringi zikilika, geji inaweza kushuka kutoka 180 hadi 110 huku uwiano ukiwa pale pale, kwa sababu mwendo wa pistoni na chumba kilicho juu yake havikubadilika. Tatizo letu ni kwamba "kompresheni" iliingia gereji peke yake na kuliacha nyuma neno la pili ambalo lingetenganisha uwiano na presha.

Wapo wanaojaribu kuziunganisha namba hizo kwa kuzidisha, wakidhani kwamba uwiano wa 10 lazima usome presha ya hewa mara kumi, lakini hewa inapobanwa hupata joto, hivyo presha hupanda haraka kuliko ujazo unavyopungua, na wakati huohuo valvu ya kuingizia huchelewa kufunga, pistoni ikiwa imekwisha kuanza kupanda. Njia ya mkato hakuna.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Silinda yenye kipenyo cha milimita 86 na mwendo wa milimita 86, kama zilivyo injini za Toyota za jamii ya 3S, hupitiwa na pistoni katika ujazo wa sentimita za ujazo 499.6. Tuseme chumba kinachobaki juu ni 55.5. Wengi hugawanya hapo hapo wakapata 9, nao wamesahau kwamba chumba ni sehemu ya ujazo wote: jumlisha kwanza upate 555.1, kisha gawanya, na jibu ni 10. Chumba cha hedi, kifuniko cha juu cha silinda, hupimwa kwa kulaza hedi chali, chumba kikitazama juu, plagi na valvu zikiwa mahali pake, kufunika kwa kioo cha plastiki kilichopakwa grisi ukingoni na kutobolewa tundu dogo, halafu kudondosha mafuta mepesi kwa bomba la sindano hadi kiputo cha mwisho cha hewa kitoke. Kisha huongezwa ujazo unaotokana na unene wa gasketi inayoziba kati ya hedi na bloki, nafasi kati ya pistoni na uso wa bloki, na bonde la pistoni ikiwa inalo.

Kuushusha uwiano huo hadi 9 kunahitaji chumba cha 62.4, yaani nyongeza ya karibu sentimita za ujazo 7 kwa kila silinda. Gasketi nene zaidi kwa milimita 1.2 itatoa nafasi hiyo, na ndiyo sababu wengine hubandika gasketi mbili, jambo nisilolipendekeza, kwa kuwa huharibu ule mwanya mwembamba kati ya ukingo wa pistoni na hedi ambao husukuma mchanganyiko wa hewa na petroli kuelekea katikati na kuufanya uwake upesi. Mwanya ukipanuka, moto huenda polepole, na injini huweza kugonga, yaani mchanganyiko kujiwasha wenyewe kabla moto haujaufikia, jambo lile lile ambalo turbo hulizidisha na lililotufanya tushushe uwiano. Pistoni zenye bonde pana zaidi ni njia bora. Hedi iliyopinda kwa joto ikichongwa, nayo, uwiano hupanda.

Kwa hiyo fundi akitoa geji penye plagi, ninamuomba aseme kwamba presha ya mgandamizo ni 180. Akiitaka ile 9 au 10, geji aiweke kando na kulichukua bomba la sindano.