Mteja Hana Jina Baya

Hesabu majina tuliyompa mwanamke anayeuza mwili: malaya, kahaba, changudoa, dada poa, na ukivuka kwenda Kenya utasikia poko. Sasa mtaje yule aliyetoa noti mfukoni. Ni mteja, jina lilelile la mtu aliyekuja dukani kununua sukari. Siandiki kuutetea ukahaba; naamini ni biashara inayoumiza. Lakini kosa la watu wawili tumelitwika kichwa kimoja, tena kwa maneno yasiyo ya kweli.

Dhana: Dini zimemhukumu mwanamke.

Anayesema hivi afungue kitabu chake tena. Surat An-Nur, aya ya 2, inawataja mzinifu mwanamke na mzinifu mwanamume pamoja, na adhabu ni moja: mijeledi 100 kwa kila mmoja. Amri ya kuinamisha macho inaanza na wanaume katika aya ya 30. Wanawake wanafuata aya ya 31. Aya ya 33 inawakataza mabwana kuwalazimisha vijakazi wao kufanya ukahaba kwa kutafuta mali. Katika Biblia, Mambo ya Walawi 20:10 inawahukumu wazinzi wote wawili. Ndiyo maana habari ya Yohana sura ya 8 hunichoma kila ninapoisoma. Walimburuta mwanamke aliyefumaniwa katika zinaa mpaka mbele ya Yesu. Kufumaniwa kunahitaji watu wawili. Mwanamume wake alikuwa wapi?

Dhana: Hao ndio wanaoleta magonjwa majumbani.

Mke aliyetulia nyumbani hakuambukizwa na mwanamke asiyewahi kuonana naye. Aliyeubeba ugonjwa kutoka gesti hadi chumbani ni mume.

Fikra hii ina historia. Mwaka 1864 Bunge la Uingereza lilitunga sheria iliyoruhusu mwanamke aliyeshukiwa kuwa kahaba, katika miji yenye kambi za jeshi, apimwe sehemu za siri kwa lazima. Askari waliomnunua hawakuguswa. Tume ya kifalme ya 1871, iliyoundwa kuichunguza sheria hiyo, ikaandika kwamba wawili hao hawalinganishwi: mwanamke anatafuta faida, mwanamume anafuata tu haja ya maumbile. Josephine Butler, mwanaharakati Mwingereza, alizipinga sheria hizo kwa miaka mingi hadi zikafutwa 1886. Tume ilikwisha kuvunjwa, maneno yake bado nayasikia vijiweni.

Na hapa kwetu Afrika Mashariki, tangu miaka ya 1980 wanawake wanaouza mwili huko Majengo, Pumwani, jijini Nairobi, wamekuwa wakitoa damu kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada. Baadhi yao walikutwa hawajaambukizwa VVU licha ya kukabiliana navyo miaka na miaka, na wataalamu wa chanjo wamejifunza mengi kutoka kwao. Wanawake hao wanastahili shukrani ambayo mitaa yetu haijawapa.

Dhana: Sheria inawabana wote sawa.

Kifungu cha 176 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinamtaja malaya waziwazi, kwa maneno yanayofanana na yale ya Sheria ya Uzururaji ya Uingereza ya 1824. Mteja hana neno lake katika kifungu hicho. Sweden iligeuza mambo mwaka 1999: mnunuzi ndiye mwenye kosa. Wapo watetezi wa wanawake hawa wanaoipinga hata hiyo, wakisema inawasukuma gizani, na hoja yao ina uzito.

Dhana: Mwanamume hushawishiwa tu.

Nilipanga miaka minne chumba kinachotazamana na gesti. Wanaume walikuja na magari yao, wakaegesha mbali kidogo, wakaulizia bei, kisha wakaandika jina la uongo kwenye daftari la wageni. Mtu aliyeshawishiwa ghafla hajiandalii jina la uongo.

Usiku mmoja ukaja msako. Wanawake walitolewa wamejifunika kanga usoni, wakapandishwa garini. Mmoja ndala yake ilichomoka kwenye ngazi. Akaomba arudi kuichukua, akasukumwa mbele. Wanaume walitoka baadaye wakichomekea mashati, wakaambiwa waende nyumbani. Wa mwisho aliiruka ile ndala, akawasha gari.

Asubuhi mhudumu alipofagia ngazi, aliiokota akaiweka kando ya mlango. Ilikaa pale wiki nzima.