Je, wajua kwa nini Carlsen hushinda michezo ya sataranji inayoonekana kuwa sare?

Kwenye kijiwe kimoja cha drafti Kariakoo kuna mzee ambaye vijana humwogopa kuliko wote. Hana mitego ya ajabu. Kete zikibaki mbili kwa mbili, ukaomba sare, anakujibu, "Cheza, mwanangu." Robo saa baadaye umefungwa, na hukumbuki ulikosea wapi.

Magnus Carlsen wa Norway, bingwa wa dunia wa sataranji kuanzia 2013 hadi 2023, hucheza kama mzee huyo. Wachezaji wakubwa wa leo hujiandaa kwa kompyuta, na wengine hukariri hatua 20 za mwanzo. Carlsen huwakwepa huko. Huchagua mwanzo wa kawaida tu, usiompa faida kubwa, mradi kete nyingi zibaki ubaoni na mwenzake aanze kufikiri kwa kichwa chake mwenyewe. Kuanzia hapo humpa matatizo madogomadogo, moja baada ya jingine. Kila tatizo lina jibu. Ila kujibu 50 mfululizo bila kuteleza, huku umechoka, ndipo penye kazi.

Mfano mzuri kuliko yote, kwangu mimi, ni mchezo wa 6 dhidi ya Ian Nepomniachtchi, aliyegombea naye ubingwa wa dunia, Dubai, Desemba 2021. Mitano ya kwanza ilikuwa sare. Huu ulikwenda hatua 136, karibu saa nane za kukaa kitini, na hakuna mrefu kuliko huo katika historia ya kugombea ubingwa wa dunia. Mwishoni Carlsen alikuwa na ngome, farasi na askari wawili; mwenzake alikuwa na malkia. Kompyuta zilionyesha kwamba malkia yule angeweza kuokoa sare. Lakini aliyemshika ni binadamu aliyechoka, na hatimaye alimpeleka pasipofaa. Baada ya hapo Nepomniachtchi hakuinuka tena: mashindano yaliisha 7.5 kwa 3.5 (kila sare ni nusu pointi).

Sasa ukihamia mtandaoni, ambako Carlsen amecheza sana, hata kwa majina ya bandia kama DrNykterstein, silaha hii huwa kali zaidi. Huko kuna michezo ambayo kila mmoja hupewa dakika tatu tu kwa hatua zake zote, yaani sekunde 180. Mchezo ukienda hatua 60, wastani wako ni sekunde tatu kwa kila hatua. Hakuna muda wa kuhesabu. Anayeshinda ni yule ambaye mkono wake unajua tayari kete ikae wapi. Wanaocheza kwenye simu ndani ya mwendokasi wanalijua hili: hujafika Ubungo kutoka Kimara, saa imekumaliza ukiwa na hali nzuri kabisa ubaoni.

Kasi ya mtandaoni humuumiza naye. Aprili 2020, Alireza Firouzja, kijana wa miaka 16, alimshinda 8.5 kwa 7.5 katika fainali ya mtandaoni ya dakika tatu. Februari 2022 Praggnanandhaa wa India, naye akiwa na miaka 16, alimfunga mtandaoni kwa hatua 39. Dhidi ya vijana waliokua na sataranji ya kwenye skrini, kule kumchosha mtu taratibu hakutoshi kila mara.

Jambo moja kuhusu pointi zinazopima ubora wa mchezaji, kwa sababu ubishi wake hauishi vijiweni. Shirikisho la dunia, FIDE, hutumia hesabu ya Elo tangu 1970: ukimzidi mtu pointi 200, unatarajiwa kupata kama 76 katika kila michezo 100. Lichess, tovuti ya kuchezea sataranji, hutumia hesabu nyingine, Glicko-2, na kila mgeni huanzia 1500. Kwa hiyo 1900 ya kwenye simu yako usiipime kwa 2882 aliyofikia Carlsen Mei 2014, ambayo hakuna mwingine aliyewahi kuigusa kwenye orodha ya FIDE. Hivyo ni vipimo viwili tofauti.

Ukipata bando jioni, utafute ule mchezo wa Dubai, uruke mwanzo wote, uwatazame wale askari wawili wanavyosogea.