Uvimbe wa Seli za Homoni: Kwa Nini Majaribio ya Dawa Zake Huchukua Miaka

Mtu anaharisha kwa miezi. Uso na shingo vinapatwa na joto la ghafla, linapita, kisha linarudi. Usiku kifua kinabana na kutoa mlio. Akienda kutibiwa, mara ya kwanza anapewa dawa za minyoo, mara ya pili dawa za pumu, mara ya tatu anaambiwa apunguze mawazo. Akiwa mwanamke anayekaribia miaka hamsini, joto lile linahesabiwa kuwa dalili ya kukoma hedhi. Kila jibu likitazamwa peke yake lina mantiki. Lakini dalili zote hizo zinaweza kuwa na chanzo kimoja, na mara nyingi miaka hupita kabla hajatokea mtu wa kuziweka pamoja.

Chanzo hicho ni uvimbe wa niuroendokrini. Seli za niuroendokrini zimetawanyika mwilini, kwenye utumbo, kongosho, mapafu, tezi za adrenali zilizo juu ya figo na kwingineko, na kazi yake ni kupokea ishara na kujibu kwa kumwaga homoni. Zikianza kujigawa bila mpangilio, uvimbe unaozaliwa unaweza kuendelea na kazi ile ile ya kumwaga homoni, ila sasa bila kipimo. Siegfried Oberndorfer, mtaalamu wa patholojia wa Munich, aliueleza uvimbe wa aina hii wa utumbo mdogo mwaka 1907 akiamini hauna madhara makubwa. Mwaka 1929 alirekebisha maelezo yake: unaweza kusambaa. Wazo la kwanza, hata hivyo, lilikaa vichwani mwa madaktari muda mrefu kuliko lilivyostahili.

Dalili hutegemea homoni inayomwagwa. Ikiwa ni insulini, sukari ya damu hushuka, na mgonjwa hutetemeka, huchanganyikiwa au huzimia, hasa akiwa na njaa. Wapo waliotibiwa kifafa kwa sababu hii. Ikiwa ni gastrini, tumbo hutoa asidi nyingi mno na vidonda haviponi. Uvimbe wa tezi ya adrenali huleta maumivu ya kichwa, jasho na moyo kwenda mbio, pamoja na shinikizo la damu linalopanda kwa vipindi, na kumpasua mgonjwa huyo bila kumwandaa kwanza kwa dawa ni hatari kwa maisha yake. Ipo pia serotonini, ndiyo yenye kuleta kuharisha, huku lile joto la uso likichangiwa zaidi na kemikali nyingine zinazomwagwa pamoja nayo. Kwa kawaida ini huivunja kabla haijafika mbali, kwa hiyo dalili zake nyingi hujitokeza uvimbe wa utumbo ukishasambaa kwenye ini lenyewe. Kutoka hapo homoni hufika upande wa kulia wa moyo ikiwa na nguvu zake zote, na kwa muda mrefu hukakamaza vali za upande huo. Upande wa kushoto mara nyingi hunusurika, kwa sababu mapafu huipunguza makali ikipita.

Niseme jambo moja kuhusu joto la uso. Maelezo mengi ya kitabibu husisitiza wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Mgonjwa akisema anahisi uso unawaka, aaminiwe hata kama hakuna kinachoonekana kwa macho.

Wagonjwa wengi hawana dalili yoyote ya homoni. Uvimbe wao hukua kimyakimya na kugunduliwa kwa bahati, pengine katika upasuaji wa kidole tumbo. Nchini Marekani, wagonjwa wapya walikuwa takriban 1 kwa kila watu 100,000 mwaka 1973, na karibu 7 mwaka 2012. Sehemu ya ongezeko hilo inatokana na vipimo vya picha na vya kuchungulia tumbo kuwa bora zaidi. Hata hivyo ugonjwa bado ni adimu, na uadimu huo ndio unaofanya utafiti wake uwe mgumu.

Mwaka 1973 watafiti wa Salk Institute, Marekani, akiwemo Roger Guillemin, waliitambua somatostatini, homoni inayozuia homoni nyingine zisitolewe. Ilionekana kama dawa iliyosubiriwa, lakini ndani ya damu hudumu dakika chache tu. Wanakemia wakatengeneza molekuli fupi inayoiga kazi yake, yenye asidi amino 8 badala ya 14, ikaitwa okitreotidi. Baadaye ikapatikana sindano ya kuchomwa mara moja kwa mwezi. Kuharisha kukapungua, joto likapungua, watu wakarudi kazini.

Ndipo likaja swali gumu zaidi: je, dawa hii hupunguza pia kasi ya uvimbe wenyewe? Madaktari wengi waliamini hivyo kwa kuona wagonjwa wao wakikaa miaka bila kuzidiwa. Lakini uvimbe wa daraja la kwanza, ambao chini ya asilimia 3 ya seli zake ndizo zinazojigawa, unaweza kutulia kwa miaka bila dawa yoyote. Utajuaje kama ni sindano au ni tabia ya uvimbe? Kwa kumtazama mgonjwa mmoja mmoja, hutajua kamwe. Inabidi kuwa na kundi la kulinganisha nalo, watu wapangwe kwa bahati nasibu, wengine wapate dawa na wengine plasebo, yaani sindano isiyo na dawa ndani.

Jaribio la kwanza la namna hiyo, PROMID, lilifanyika Ujerumani. Kuandikisha wagonjwa kulianza mwaka 2001 na kuendelea hadi 2008, na waliopatikana ni 85 tu. Matokeo yalitolewa 2009: kwa waliopata okitreotidi, muda wa kati hadi uvimbe kukua ulikuwa miezi 14.3, kwa waliopata plasebo, miezi 6. Mwaka 2014 jaribio la CLARINET, lenye wagonjwa 204, lilipima dawa ya jamii hiyo hiyo, lanreotidi. Baada ya miaka miwili, takriban asilimia 65 ya waliopata dawa walikuwa hai na uvimbe wao haujakua, dhidi ya asilimia 33 ya wenzao. Watu 289 kwa ujumla, na juu yao umejengwa utaratibu wa matibabu unaofuatwa sehemu nyingi za dunia. Kila mmoja wao alikubali kutojua kilichomo kwenye sindano yake, na sidhani kama shukrani tunazowapa zinatosha.

Takwimu hizi zinahitaji kusomwa kwa uangalifu, kwa maana hapa ndipo wagonjwa na hata waandishi wa habari huteleza. Muda wa kukaa bila uvimbe kukua si sawa na muda wa kuishi. PROMID haikuonyesha kwamba waliopata dawa waliishi muda mrefu zaidi, na sababu mojawapo ni kwamba wengi wa kundi la plasebo walipewa dawa halisi uvimbe wao ulipoanza kukua. Kwangu mimi kuwapa dawa kulikuwa sahihi kabisa. Haifai kumwacha mtu azidiwe ili grafu ipendeze. Gharama yake ni kwamba jibu la swali la pili, kama dawa huongeza muda wa kuishi, lilififia.

Hali kama hiyo ilijirudia kwenye tiba ya mionzi inayobebwa na dawa. Wataalamu waliunganisha molekuli inayofanana na okitreotidi na madini ya lutetiamu 177. Molekuli hunasa kwenye vipokezi vya somatostatini, yaani sehemu za seli zinazoipokea homoni hiyo, juu ya uvimbe, na mionzi huziunguza seli kutoka karibu. Kabla ya tiba mgonjwa hupigwa picha kwa molekuli ya aina hiyo iliyobeba galiamu 68. Uvimbe usipoonekana vizuri kwenye picha hiyo, tiba hiyo haimfai. Jaribio la NETTER-1 lilikuwa na wagonjwa 229. Matokeo ya mwaka 2017 yalionyesha kuwa kufikia mwezi wa 20, asilimia 65 ya waliopata tiba hiyo walikuwa bado bila uvimbe kukua, na kwa kundi la kulinganisha ni karibu asilimia 11. Hesabu ya mwisho ya kuishi, iliyotolewa 2021, ilikuwa miezi 48 dhidi ya 36.3, tofauti ambayo kitakwimu haikutosha kuitwa thabiti. Zaidi ya theluthi moja ya kundi la kulinganisha walikuwa wameshapata tiba ya mionzi baadaye. Anayesoma “haikuthibitika” akaelewa “haifanyi kazi” amekosea, na anayetangaza kwamba tiba hii imethibitika kuongeza mwaka mzima wa maisha amekosea pia.

Ukialikwa kushiriki utafiti wa namna hii, uliza kabla ya kutia sahihi. Kundi la kulinganisha linapata nini: plasebo, au matibabu ya kawaida? Uvimbe wangu ukikua, nitahamishiwa kwenye dawa halisi? Figo na uboho vitapimwa kila baada ya muda gani, ikiwa tiba ina mionzi? Sampuli za damu na za uvimbe zitahifadhiwa wapi, na vipimo vya jeni vikionyesha ugonjwa wa kurithi, nani atawaeleza ndugu zangu? Swali hili la mwisho lina uzito, kwa sababu mabadiliko ya jeni ya MEN1, iliyotambuliwa mwaka 1997 na ambayo ikiharibika huweza kuleta uvimbe wa aina hii, hupita kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto kwa uwezekano wa nusu kwa nusu, na anayejulikana mapema hufuatiliwa mapema.

Unaruhusiwa kupeleka fomu ya ridhaa nyumbani, kuisoma na mtu unayemwamini na kurudi na maswali mengine. Unaruhusiwa kukataa, na unaruhusiwa kujitoa katikati bila kutaja sababu. Matibabu yako ya kawaida hayatakiwi kuguswa kwa hilo. Uliza pia utafiti ukiisha dawa itatoka wapi, na jibu hilo liwe limeandikwa ndani ya fomu.