Msongamano upi, wa kwenye eka au wa chumbani?

Kila ukitajwa ujenzi wa ghorofa Arusha, mtu hudakia: "Ardhi bado ipo, ya nini kubanana?" Hoja hii imenichosha, kwa sababu neno msongamano linabeba mambo mawili. Kuna wingi wa watu kwenye eka, na kuna wingi wa watu chumbani. Kifua kikuu hupenda huu wa pili.

Chukua kiwanja cha mita 20 kwa 30, tuseme Ngarenaro au Unga Limited. Zungusha uani vyumba 14 vya kupanga, kila kimoja watu watatu. Hao ni watu 42, vyoo viwili, na kamba za nguo zimeziba njia. Sasa kwenye kiwanja hichohicho simamisha jengo la mita za mraba 200, sakafu nne kuanzia chini. Jumla ni 800. Toa robo ya ngazi, korido na kuta, zinabaki 600: familia 12, kila moja ina mita 50, jiko lake na choo chake. Kwa watu wanne kila familia, ni 48, na mita 400 za kiwanja ziko wazi. Watu wameongezeka, kubanana kumepungua.

Barabara sina haja ya kueleza sana. Viwanja vikitazamana, na kila kimoja kikiwa na mita 20 kando ya barabara, kinabeba nusu yake: mita 10 za barabara na bomba. Familia 12 zikigawana mita hizo, kila moja haifikishi hata mita moja. Kutandaza mji hadi kwenye migomba ya Arumeru ndiyo gharama.

Kinachokwamisha ghorofa ni maji taka. Watu 48 wakitumia lita 80 kila mmoja, ni lita 3,840 kwa siku. Shimo la kunyonya lenye kipenyo cha mita 2 na kina cha mita 3 lina ukuta wa mita za mraba 19 hivi. Udongo wa tifutifu ukinyonya lita 20 kwa siku kwa kila mita ya mraba, shimo linameza lita 380. Unahitaji mashimo zaidi ya 10, yaachane, yakae mbali na msingi. Hayaenei. Kwenye mfinyanzi hali ni mbaya zaidi, na masika yakifika shimo lililojaa hufunguliwa usiku kwenye mtaro. Kwa hiyo palipo na bomba la maji taka, sakafu nne ziruhusiwe bila kuzungushana. Pasipo na bomba, kibali kisitoke hata mwenye kiwanja akinuna.

Hofu yangu iko kwa mpangaji. Sheria ya 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo inawapa wenye sehemu chombo cha kusimamia pampu, tangi na ngazi. Anayepanga kwa mwenye nyumba mmoja haimsaidii. Na aliyezoea kulipia chumba kimoja hataimudu mita 50. Ndiyo maana nadai sakafu mbili za jengo hilo zigawanywe vipande vya mita 25: chumba, jiko, choo.